Keji ya Mashindano Haifai Kwenye Gari la Kupeleka Watoto Shule

Imani iliyoshika mizizi miongoni mwa wapenzi wa magari ya porini, kutoka Nairobi hadi Arusha, ni kwamba kila chuma kinachoongezwa ndani ya gari kinaongeza usalama. Mtu ananunua Land Cruiser iliyostaafu mashindanoni, au anapeleka Jimny yake kwa fundi ikafungwe keji ya mabomba, kisha gari hilo ndilo la kwenda kazini, sokoni na kupeleka watoto shule. Muulize sababu, atakwambia bila kusita: likipinduka, paa halitatubana. Marafiki wanamsifu kwamba anaijali familia yake. Muuzaji naye anapandisha bei kwa ajili ya keji hiyo, na kwenye tangazo anaitaja kabla hata ya kusema injini ina hali gani.

Wamekosea, na kosa hili linaweza kuua. Keji ya ndani iliyobuniwa kwa ajili ya dereva mwenye helmeti ni hatari kwa kichwa kitupu. Ikishakatwakatwa ili gari liwe rahisi kuingia na kutoka, kama zinavyofanya gereji nyingi, hubaki na madhara yake yote huku manufaa yake yakiwa yameondoka na vipande vilivyotupwa kwenye skrepa.

Sina ugomvi na keji ikiwa mahali pake. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, imetuonyesha magari yakibingirika vumbini na waliomo wakatoka kwa miguu yao. Rhino Charge, inayofanyika tangu 1989 kuchangia uhifadhi wa Aberdare, hupitisha magari kwenye makorongo na miamba ambako gari kulala ubavu ni jambo la kutarajiwa. Huko keji inalipa kila senti yake. Tatizo ni kwamba mtazamaji huondoka na picha ya mabomba peke yake. Anasahau kwamba dereva yule amevaa helmeti, kiti chake kimembana mbavu, mabega na kichwa, mkanda wake una ncha sita na umekazwa hadi hawezi kuinama, na mabegani amevaa kifaa cha HANS, kile alichokibuni Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Michigan State akishirikiana na shemeji yake Jim Downing, ili kichwa kisirushwe mbele peke yake wakati kiwiliwili kimeshikwa. Vitu vyote hivyo vinafanya kazi pamoja, na keji ni kimoja tu kati yake. Kazi yake ni kulinda nafasi ya mtu ambaye hasogei.

Wewe na mimi tukienda sokoni tunasogea. Mkanda wa ncha tatu, ule ambao Nils Bohlin wa Volvo aliutoa mwaka 1959, hushika bega moja na nyonga, na kwa makusudi unaruhusu mwili uende kidogo. Gari likigongwa ubavuni, kichwa kinakwenda dirishani. Likigongwa nyuma, mgongo wa kiti unalala na kichwa kinarudi pamoja nao. Likipinduka, mwili unanyanyuka kuelekea paa, hata mkanda ukiwa umefungwa. Sasa tazama mabomba ya keji yanapita wapi: kando ya kioo cha mbele, juu ya mlango, na nyuma ya kisogo. Ni pale pale ambapo kichwa cha mtu wa mkanda wa ncha tatu kinakwenda.

Mwaka 1995 serikali ya Marekani ilirekebisha kanuni yake ya usalama wa magari namba 201, ikawataka watengenezaji wapunguze ukali wa nguzo na kingo za paa kwa upande wa ndani. Kipimo chake ni kichwa cha bandia kinachorushwa kwenye nguzo kwa kasi ya kilomita 24 kwa saa. Maana yake ni kwamba nguzo ya kawaida ya gari, bati lililokunjwa na kufunikwa plastiki, ilionekana ngumu mno kwa kichwa cha binadamu. Sisi tunachukua bomba la chuma la milimita 45, tunalisimamisha mbele ya nguzo hiyo, karibu zaidi na kichwa, na kuliita usalama.

Hesabu yake haihitaji maabara. Kichwa kinachokwenda kilomita 24 kwa saa kikisimamishwa katika umbali wa milimita 25, nguvu ya wastani inayokipiga ni kama mara 90 ya uzito wake. Kikisimamishwa katika milimita 5, inafika mara 450. Kinacholeta tofauti kati ya namba hizo mbili ni ule unene unaobonyea kabla kichwa hakijasimama. Bomba la keji halibonyei, kwa sababu kutobonyea ndiyo kazi iliyolifanya lifungwe.

Hapo mtetezi wa keji ananiletea sponji. Kwenye gereji nyingi sponji hiyo ni ule mpira mweusi ambao mafundi wa viyoyozi huvisha mabomba ya shaba, umekatwa urefu wa bomba na kufungwa kwa vikamba vya plastiki. Ubonyeze kwa kidole gumba. Utaligusa bomba. Kitu kinachoshindwa na kidole gumba hakiwezi kukisimamisha kichwa cha mtu mzima chenye uzito wa kilo nne na nusu. Ipo sponji ya kweli, ile inayotambuliwa na FIA, shirikisho linalosimamia mashindano ya magari duniani, kwa kiwango cha 8857-2001, na ukiishika mara ya kwanza utashangaa ilivyo ngumu. Ila kanuni za FIA zinaitaka sponji hiyo mahali ambapo helmeti ya dereva inaweza kufika. Narudia: helmeti. Waliotunga kanuni walihesabu tabaka mbili, moja kichwani na nyingine bombani, na moja peke yake hawakuiona inatosha. Mtu aliyenunua sponji halali kwa bei ghali amefanya vizuri kuliko wa mpira wa kiyoyozi, lakini bado ana nusu ya kinga.

Wengine wananijibu kwamba basi watafunga mikanda ya ncha sita. Mkanda huo bila HANS unashika mabega yote mawili na kuiachia shingo mzigo wote wa kichwa gari likigonga mbele. Tena, ukiwa umekazwa inavyotakiwa, huwezi kugeuka kuangalia pikipiki inayokupita kushoto, wala kufikia mashine ya tiketi ya maegesho. Utaulegeza. Mkanda wa mashindano ukilegea ni mbaya kuliko ule wa kiwandani. Na helmeti kwenye foleni ya Mombasa Road, kila asubuhi, hakuna atakayeivaa, na hafai kulazimishwa.

Ubaya mkubwa zaidi unaanza pale keji inaporekebishwa ili gari litumike kila siku.

Keji kamili inachosha. Mabomba ya mlangoni yanamlazimu mtu kunyanyua mguu hadi usawa wa nyonga ndipo aingie. Bomba la mshazari nyuma ya dereva linazuia kiti kurudi. Mama mzazi hawezi kupanda. Kwa hiyo baada ya muda mfupi mwenye gari anarudi kwa fundi: toa haya ya mlangoni, toa na huu mshazari, acha mengine yashike paa. Ombi hilo linasikika la busara, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mshazari ndio unaoizuia keji isilale upande mmoja inaposukumwa kutoka ubavuni. Ukiutoa, fremu ya nyuma inabaki pembe nne zinazotegemea maungio ya kona tu, na pembe nne bila mshazari hulala upande. Mabomba ya mlangoni nayo yanashikanisha fremu ya mbele na ya nyuma, na ndiyo peke yake kwenye keji nzima yanayomkinga mtu akigongwa ubavuni, ajali ambayo mjini tunaiona kuliko gari kubingirika. Fundi ametoa yaliyokuwa yanaokoa. Ameacha yanayopita kando ya vichwa.

Jamaa yangu aliniomba nimkagulie Land Cruiser ya namna hiyo kabla hajalipa. Kwa macho lilikuwa gari zuri: milango inafunguka vizuri, viti vya nyuma vimerudishwa, rangi nyeusi ya mabomba inang'aa. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikafunga mkanda. Kati ya panja langu la kulia na bomba lililo juu ya mlango ngumi moja ilipita kwa kubanana. Chini, mabomba ya mlangoni yalipokatwa, vilibaki vijiti vya urefu wa kidole, vimepitishwa grenda na kupakwa rangi, vimeelekea goti na nyonga. Nikapitisha kidole juu ya ungio la kona, upande unaotazama paa. Hapakuwa na kitu. Nusu nzima ya mzunguko wa bomba haikuchomelewa, kwa sababu bomba lilibanana na paa na elektrodi haikuweza kufika. Fundi anayeijua kazi hii hutoboa sakafu kwanza, akaishusha keji ili apate nafasi ya kuchomelea juu, kisha akaiinua na kuiweka kwenye mabamba yake. Aliyeifunga ile hakujisumbua, na rangi ikaficha. Miguu ya keji ilikanyaga bati tupu la sakafu. Kanuni za FIA zinataka chini ya kila mguu bamba la unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120, na kama mguu ni wa kufungwa kwa bolti, basi ziwe bolti tatu za milimita 8 zenye daraja la 8.8. Bila bamba, siku gari litakapotua juu ya paa mguu utatoboa sakafu kama kisigino kirefu kwenye udongo wa masika, na keji yote itashuka pamoja na paa ililotakiwa kulizuia.

Nyuma, bomba linalotoka kwenye fremu kuu kushuka hadi juu ya magurudumu lilipita sambamba na kiti cha mtoto. Kile cha kuinulia, ambacho kinampandisha mtoto ili mkanda umkae begani, ndicho kinachokipeleka kichwa chake usawa wa bomba. Nilimwambia jamaa asilinunue, au alinunue akiwa amekwisha kupanga kuing'oa keji yote.

Aliyekuwa anaitetea kazi ile alitoa hoja ambayo nimeisikia kwenye gereji nyingi. "Mkubwa, hili ni bomba zito kuliko lile la mashindano." Kwa unene ni kweli. Bomba la maji la inchi moja na nusu, analolizungumzia, lina upana wa milimita 48 hivi kwa nje, na unene wake unapita milimita 3, wakati FIA inaridhika na milimita 45 kwa unene wa 2.5 kwenye fremu kuu, na 38 kwa 2.5 kwenye sehemu nyingine. Lakini FIA inataka pia bomba lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye uwezo wa kustahimili angalau nyutoni 350 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Inataka likunjwe bila moto, kwa mkunjo ambao nusukipenyo chake si chini ya mara tatu ya upana wa bomba, na lisibonyee pale kwenye kona. Bomba la maji lina mshono kutoka juu hadi chini, hujazwa mchanga na kupashwa moto ndipo likunjwe, na zinki yake isiposagwa vizuri hutia matundu kwenye ungio. Uzito mkubwa hauondoi kasoro hata moja kati ya hizo.

Na uzito wenyewe una gharama. Mita moja ya bomba la 45 kwa 2.5 ni kilo 2.6, ile ya bomba la maji inafika kilo tatu na nusu. Keji inayokula mita 25 inaongeza kati ya kilo 65 na karibu 90, na sehemu kubwa iko juu ya usawa wa viti. Gari la mashindano hufidia kwa kuvuliwa mazulia, viti vya nyuma, kiyoyozi na kila kisichohitajika. Gari la nyumbani linavirudisha vyote hivyo, kisha juu ya paa linawekewa kichanja, hema na madumu ya maji. Uthabiti wa gari unatokana na upana kati ya magurudumu yake ukilinganishwa na kimo cha kitovu cha uzito, na hapa kila kitu kinapanda juu. Mtu aliyefunga keji kwa hofu ya kupinduka amelisogeza gari lake karibu zaidi na kupinduka.

Najua watasema barabara zetu ndizo zinazopindua magari. Zinapindua, hasa usiku, hasa kwa matairi yaliyokwisha na mwendo usiolingana na kona. Dawa yake imekwisha kujulikana. Mfumo wa kielektroniki wa kulidhibiti gari lisiteleze umepunguza kupinduka kiasi kwamba Marekani iliufanya lazima kwa magari mepesi kuanzia modeli za 2012. Mwaka 2009 nchi hiyo hiyo iliamua paa la gari lisilozidi kilo 2,722 libebe mara tatu ya uzito wa gari, kutoka mara moja na nusu. Chuma cha kubeba mzigo huo kimo tayari ndani ya nguzo za magari mengi ya miaka ya karibuni, kimefichwa nyuma ya plastiki inayobonyea, na juu ya madirisha kuna mifuko ya hewa inayoshuka kama pazia. Toyota ilipotaka nyota tano za ANCAP, mpango wa Australia na New Zealand wa kupima usalama wa magari, kwa Land Cruiser 70 ya kebini moja mwaka 2016, gari ambalo umbo lake ni la 1984, iliongeza mifuko hiyo na kuimarisha chasisi na bodi. Haikuweka mabomba mbele ya nguzo. Ukiyaweka wewe, mfuko wa pazia unakosa njia ya kushukia, au unafunguka nyuma ya bomba wakati kichwa kiko mbele yake.

Jeep Wrangler inatoka kiwandani na mabomba, ndiyo. Yamefunikwa, yamepangwa kwa vipimo vya vichwa na mikanda ya gari lile, na yamejaribiwa kwa kugongeshwa. Hilo halimpi ruhusa mwenye mashine ya kuchomelea na kipande cha bomba.

Liko gari moja ambalo sitambishia mwenye nalo. Land Rover ya zamani, ya turubai au ile Defender iliyotengenezwa hadi Januari 2016, ina bodi ya aluminiamu iliyoungwa kwa bolti na paa lisiloweza kubeba kitu. Hapo kinga inahitajika kweli. Jibu lake ni keji ya nje: mabomba yanapita juu ya paa na kando ya kioo kwa upande wa nje, miguu inashuka hadi kwenye chasisi, na kichwa kinabaki na nafasi yake yote. Kazi hii ni ghali na ina adabu zake. Bodi ya gari la namna hiyo inacheza. Chasisi nayo inajikunja kwenye njia mbaya. Ukifunga mguu mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye chasisi bila kuliwazia hilo, utaanza kuona nyufa kando ya kioo cha mbele. Kilo za juu bado zipo, kwa hiyo kichanja cha paani kiondoke. Kwa pikapu ya watu wawili, fremu moja nyuma ya kebini, nje, pamoja na mshazari wake, inatosha.

Magari mengine yote yenye keji ya ndani yanayobeba familia, keji itoke. Yote, pamoja na miguu na vijiti vyake. Matundu ya sakafu yazibwe kwa bati la kuchomelewa, plastiki za nguzo zirudishwe, mikanda ikaguliwe mahali ilipofungwa, kwa sababu wengine huihamishia kwenye keji. Najua inauma kukata kazi iliyolipiwa. Lakini keji nzima iliyotolewa vizuri inauzika kwa mtu wa mashindano mwenye gari la aina hiyo. Iliyokatwa nusu ni skrepa. Na fomu ya bima inapouliza kama gari limefanyiwa mabadiliko, jibu la kweli linakuwa rahisi kuandika.

Fundi akiletewa gari la mashindano na mtu anayesema anataka kufunga kiti cha mtoto nyuma, asikubali kupunguza bomba moja au mawili, hata mteja akiongeza pesa. Aing'oe yote au akatae kazi. Na muuzaji anayejua gari linakwenda kwa watu wenye watoto aitoe keji kabla ya kukabidhi funguo. Kama gharama hiyo hataki kuibeba, amuuzie mtu wa mashindano, na gari liondoke pale likiwa juu ya trela.